Mshahara wa Mwezi wa Msiba

Prudensia alikuwa mchambuzi wa kahawa katika kiwanda kimoja cha kukoboa pale Kayanga. Kazi yake ilikuwa kukaa mezani tangu asubuhi, kutenga punje nyeusi na zile zilizotobolewa na wadudu, na kwa miaka yote aliyofanya kazi hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akigombania kitu. Nyumbani kwake ni Ihembe. Mumewe, Apolinary, aliugua figo mwaka mzima, na alipofariki mwezi wa Januari walimzika kibanjani, nyuma ya nyumba, kati ya migomba na mibuni aliyoipanda kwa mikono yake.

Kabla jeneza halijateremshwa, msemaji wa ukoo aliuliza kama ilivyo desturi: anayemdai marehemu ajitokeze, mtu asilale na deni. Akasimama Rogasian, mfanyabiashara wa ndizi. Alieleza kwa upole kwamba alimkopesha Apolinary fedha za matibabu, na dhamana yake ni kibanja hicho hicho walichosimama, shamba pamoja na nyumba. Watu wakainamisha vichwa. Prudensia, akiwa ameketi mkekani, alijibu mbele ya wote kwamba deni hilo sasa ni lake. Atapunguza kila mwisho wa mwezi kutoka kwenye mshahara, na kahawa ikiiva atamalizia. Rogasian alikubali, ila akaweka sharti mbele ya mwenyekiti wa kitongoji: miezi miwili mfululizo ikipita bila malipo, kibanja ni chake.

Mshahara wa Januari uliingia benki ukiwa mara nne ya kawaida. Prudensia hakushangaa sana. Kiwanda kilikuwa na mazoea ya kumfuta machozi mfiwa, na Bi Allen, mhasibu, alikuja mazikoni na gari la ofisi, akakaa na wanawake wenzake mkekani hadi jioni. Tena rambirambi haiulizwi. Huwezi kumgeukia aliyekuja kukupa pole ukamhoji ametoa kiasi gani na kwa nini. Unapokea kwa mikono miwili na kushukuru. Basi alikata mkungu mnene wa ndizi, akaufungisha nyuma ya pikipiki, akampelekea Bi Allen ofisini.

“Asante kwa mlivyonisitiri, mama,” alisema.

“Sisi ni ndugu, Pru,” Bi Allen akajibu. “Na wewe ungekuja kwangu.”

Wakaagana, kila mmoja akiwa amezungumzia jambo lake. Fedha zile zikajengea kaburi, zikalipa tenti na mchele na maharage ya matanga, zikafuta deni la duka la dawa. Mwezi wa Februari Rogasian alipata fungu lake kutoka kwenye mshahara, bila kuchelewa.

Mwezi wa Machi walikuja wakaguzi wa hesabu kutoka makao makuu, Mwanza. Walipoondoka, Bi Allen alimwita Prudensia ofisini na kufunga mlango. Alimweleza kwamba Januari, alipokuwa akiandaa mishahara, alimwingizia malipo ya msimamizi wa mashine juu ya mshahara wake. Kosa lilikuwa lake yeye Allen, na ameshakaripiwa.

“Kwa hiyo haikuwa rambirambi?”

“Rambirambi nilimpa shemeji yako, ile bahasha.”

Bi Allen hakumwita mwizi. Alimwambia wazi kwamba ofisi inayo haki ya kudai kilichozidi, lakini na yeye anayo haki ya kukubaliana nao namna ya kukirudisha. Akiomba akatwe kidogo kidogo, hata kwa mwaka mzima, meneja hatakataa. Prudensia aliyasikia maneno hayo kama mtu anayesikia redio ya jirani. Kilichomjaa kichwani ni kwamba mumewe amelazwa chini ya saruji iliyonunuliwa kwa fedha za watu, yeye aliyeulizwa deni lake hadharani na mkewe akalipokea hadharani.

“Kateni yote,” alisema.

“Mshahara wote? Miezi mitatu? Utakula nini, Pru?”

“Ndizi zipo. Apolinary hawezi kulala na madeni mawili.”

Akasaini akiwa amesimama.

Prudensia alimtegemea Rogasian kwa ubinadamu. Si alikaa matanga hadi mwisho, akala naye sahani moja ya huzuni? Alimwendea mwisho wa Machi kumwomba asubiri hadi kahawa iive. Rogasian alimkaribisha vizuri, akamvutia kiti. “Mama Kokushubira,” alimwambia, “pole nilikupa, na nilikupa kwa moyo. Biashara ni kitu kingine.”

Hapo ndipo Prudensia alipomwendea Celestin, fundi wa mashine aliyekuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Celestin alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama alilazimishwa kusaini. Hapana. Alitishwa? Hapana. Alielezwa kwamba angeweza kukatwa kidogo kidogo? Ndiyo, alielezwa. Celestin akafuta mikono kwenye ovaroli, akafuta tena.

“Wangekukata bila wewe kukubali, ningekuwa na pa kuanzia,” alisema. “Sasa dada yangu, nimshitaki nani?”

Walikwenda pamoja kwa Bi Allen. Bi Allen alipanda kwa meneja, akarudi macho mekundu. Makato yalishapitishwa Mwanza, na aliyeyaomba ni mfanyakazi mwenyewe. Alitaka kumpa kitu kutoka mkobani mwake. Prudensia akaukunja ule mkono na kuurudisha.

Mwisho wa Aprili Rogasian alikuja na mwenyekiti wa kitongoji kuchukua kibanja. Kahawa ilikuwa imejaa mitini, bado ya kijani. Alisema kaburi hatalisogelea, na mtu akija kulifagia hatamzuia. Binti yake Prudensia, Kokushubira, aliyeolewa Nkwenda kule Kyerwa, alipiga simu akilia, akimtaka aende akaishi kwake. Lakini mama hahamii kwa mkwe. Prudensia alipanga chumba kimoja Kayanga, nyuma ya mashine ya kusaga, akala kwa kukopa.

Mwezi wa Juni mshahara ulirudi kamili. Bi Allen alishuka mwenyewe hadi kwenye meza ya kuchambulia, akainama sikioni kwake. “Tumemalizana, Pru. Hudaiwi kitu.” Prudensia akaitikia asante. Mbele yake kulikuwa na kahawa ya msimu mpya, iliyotoka vibanja vya huko huko, na hakutaka kuuliza ni ya nani.

Siku ya Marehemu Wote, baada ya misa, alikwenda Ihembe na ufagio na maua. Alisimama nje ya nyumba aliyoolewa humo, akapiga hodi. Alitoka kijana asiyemfahamu, kibarua wa Rogasian, akamwamkia shikamoo na kumuuliza anamtafuta nani.

“Apolinary,” alisema.

Kijana akafikiri kidogo. “Hapa hakuna mtu wa jina hilo, mama. Jaribu nyumba ya pili.”