Utumbo wa Bi Mkubwa

Nilipoolewa Tororo niliolewa mke wa pili, na watu wa kwetu walinionya nijiandae kwa vita. Nilichokikuta ni bi mkubwa mwembamba, mcheshi, aliyenipokea mlangoni na kunivua buibui kwa mikono yake mwenyewe.

"Karibu, mdogo wangu," akasema. "Sina masharti ila moja. Ukiniona natimua mbio kwenda chooni, nipishe."

Ndivyo nilivyoujua ugonjwa wake. Tangu usichana utumbo wake mpana ulikuwa ukifanya vidonda. Kuna miezi aliharisha damu akabaki mifupa, kisha hali ikatulia kama vile hajawahi kuugua. Aliyekuwa akimtibu ni daktari mmoja Mhindi pale mjini. Wahindi walipofukuzwa nchini, daktari yule alimwita kumuaga. Akamweleza kwamba ugonjwa ule ukikaa mwilini miaka mingi, utumbo unaweza kuanza kugeuka saratani polepole, bila maumivu yoyote.

"Usingoje kuumwa," alimwambia. "Uwe unapimwa kila mwaka, hata ukijiona mzima."

Apimwe na nani? Daktari kaondoka, na mjini hata sabuni ya kufulia ilikuwa shida. Isitoshe, bi mkubwa alikuwa amenawiri. Alinenepa, akacheza harusini mpaka jasho likamtoka. Kila nikimkumbusha, jibu lilikuwa hilo hilo: "Mimi nimepona, mdogo wangu. Mzima anafuata nini kwa daktari?"

Mume wetu, dereva wa lori, alimpenda mno hata akashindwa kumlazimisha. Nikamlazimisha mimi. Niligoma kupika. Bi mkubwa naye hakuwa mtu wa jiko, kwa hiyo mume wetu akasonga ugali. Baada ya kuula ule ugali mbichi, bi mkubwa alivaa viatu, tukapanda gari sisi wawili kwenda hospitali upande wa Kenya.

Karibu na Busia, wanajeshi walitusimamisha kwenye kizuizi cha barabarani.

"Nyinyi nakwenda Kenya kufanya nini? Magendo?" mmoja akauliza.

Wakati ule mtu aliweza kutolewa garini asionekane tena. Bi mkubwa akashuka, akamsimulia yule mwanajeshi habari zote za tumbo lake: damu, vidonda, na mahali daktari atakapopitishia bomba la kuchungulia.

Mwanajeshi akageuza uso. "Basi, mama. Enda. Enda tu."

Hatukuthubutu kucheka mpaka tulipovuka mpaka.

Kwenye hospitali ya misheni upande wa Kenya, daktari alimchungulia kwa lile bomba, akanyofoa vijipande vya nyama ya utumbo vikapelekwa Nairobi kupimwa. Tuliporudi kusikia majibu, alituketisha.

"Tulichokiona si saratani bado," akasema. "Lakini chembe za utumbo zimebadilika vibaya, na zinaelekea huko. Nashauri tuutoe utumbo mpana wote."

"Na choo?" bi mkubwa akauliza.

"Kitatokea hapa tumboni, ndani ya mfuko."

Nje, kwenye benchi, alilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. "Mume atanitazamaje? Na swala zangu je?"

"Mume ni wetu sote," nikamwambia. "Akikutazama vibaya, atanijibu mimi."

Tulipofika nyumbani, mume wetu alikwenda kumuuliza shehe. Alirudi karibu anakimbia: mwenye udhuru kama huo hutawadha kila wakati wa swala unapoingia, kisha huswali kama kawaida. Usiku ule bi mkubwa alikubali.

Baada ya upasuaji, utumbo uliotolewa nao ulipimwa. Mahali pamoja saratani ilikuwa imeshaanza, ndogo mno, haijatoka nje ya ukuta wa utumbo. Daktari alitueleza hilo taratibu, na bi mkubwa akaushika mkono wangu mpaka vidole vikauma.

Miezi ya kwanza ilikuwa migumu. Mifuko haikupatikana kwa urahisi, ikavuja, ngozi ikababuka. Tulijifunza pamoja, yeye akiniongoza, mimi nikiosha. Kicheko chake kilirudi kidogo kidogo. Tumbo likinguruma mbele ya wageni, alisema, "Samahani, mwanangu anaongea."

Aliishi miaka mingi. Mtoto wangu wa kwanza alilelewa mgongoni mwake, kwa sababu mbele, alisema, tayari pana mtoto mwingine.