Nakala ya Baba

Hapa parokiani Kasongo tunaandika imeli ndani ya programu ile ile ya kuandikia maandishi, na mipangilio yake unaiandika mwenyewe, mstari kwa mstari. Mimi sikujua kazi hiyo. Yaya, ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu, mtoto wa baba mkubwa, ndiye anayeiweza. Nilimwomba kitu kimoja tu: jina langu lijiandike lenyewe chini ya kila barua.

Mwezi mzima nikamwandikia dada yangu aliye Bukavu. Mbele ya watu mimi huwa ninanyamaza, lakini kwa dada nilisema yote, hata kwamba ualimu ambao baba amenichagulia siutaki.

Jana tulipokuwa tunakula, baba akaniuliza, "Ualimu umekukosea nini?" Nikainuka na sahani yangu. Hayo nilikuwa nimemwandikia dada peke yake.

Leo nimefungua mipangilio. Chini ya jina langu kuna mstari mwingine: kila barua ninayotuma, nakala iende kwenye simu ya baba.

"Yaya, ni wewe uliweka hii?"

"Ni mimi. Barua ya mutoto inapitaka kwa mukubwa. Hata zile zinaletwaka na motari wa pikipiki, si baba anazisomaka wa kwanza?"

Kweli, kwetu ni hivyo. Lakini bahasha ikifunguliwa ninaiona. Hii hakuniambia, na kila siku alikuwa ananisalimia vizuri.

Nimeufuta mstari mbele yake.

"Sasa baba ataniuliza mimi nakala ziko wapi!" akalalamika.

Amuulize. Mimi baba bado ananingoja nimjibu habari ya ualimu.