Namba Moja, Kompyuta Mbili

Naikumbuka asubuhi moja kule Ghala, Uarabuni, mwanangu, ingawa siku hizi hata kukumbuka kunanichosha. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nami kijana, fundi wa kompyuta katika bohari ya vipuri vya magari.

Rehema, mwanamke wa Tanga, alikuwa akipokea oda za wateja. Kila mara mudiri, mkuu wetu wa kazi, alipowasha kompyuta yake, ya Rehema ilikatika mtandao. Oda zikachelewa. Mudiri akamwambia mbele ya wafanyakazi wote kuwa ni mvivu na muongo, na mkataba wake ukiisha arudi kwao. Watoto wake walikuwa wakisoma kwa kazi ile. Alifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaendelea kuandika.

Nikaitwa nitazame. Hapa nisikilize, na usiniharakishe. Kila kompyuta ina kadi ya mtandao, na kadi hupewa namba yake huko huko kiwandani, isifanane na nyingine. Swichi, kile kisanduku kinachokusanya nyaya, kwa namba hiyo ndiyo hujua nani apelekewe nini. Sasa, mtandao wetu ulikubali namba zilizosajiliwa tu. Mudiri aliponunua kompyuta mpya hakutaka kungoja usajili, akaamuru ijitambulishe kwa namba ya ile yake kuukuu iliyoharibika. Baadaye ile kuukuu ikatengenezwa, akapewa Rehema, namba yake ikiwa ile ile. Zikawa mbili zinazoitikia namba moja, na swichi ikimpelekea aliyesema mwisho. Hata ya mudiri ilikatika mara moja moja. Lakini ikikatika yake, hulaumiwa mtandao. Ikikatika ya Rehema, hulaumiwa Rehema.

Nikamweleza mudiri. Akakuna shingo.

"Itengeneze, khalas. Hapana haja ya maneno mengi."

Nikairudishia ile mpya namba yake, nikaisajili, mambo yakatulia. Nikaenda kunywa chai, roho yangu kwatu. Bi Zuwena, mama mtu mzima wa idara ya hesabu, mzaliwa wa Unguja kama mama yangu, akaniita kando.

"Mashine ushaitengeneza, mwanangu. Na Rehema je? Si kaitwa muongo mbele za watu?"

"Mudiri keshajua, Bi Zuwena."

"Mudiri nnamjua mie, hatosema. Hawa wengine watajuaje?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikarudi ndani, nikasema kwa sauti, wote wakisikia, kuwa ni kompyuta mbili zilizopewa namba moja, na Rehema hakusema uongo hata siku moja. Tangu siku ile mudiri hakunipa mkono tena, lakini mkataba wa Rehema uliandikwa upya.

Mashine nilizotengeneza maishani zote zishatupwa, mwanangu, na mgongo wangu ndio huu unaouona. Nimechoka na mengi. Lile silichoki. Basi nakuusia: aliyeaibishwa mbele za watu usimsafishe chumbani. Msafishe mbele ya wale wale, hata kama mkubwa wako atakununia. Na mtu akikwambia kitu chake hakifanyi kazi, kitazame kwanza kabla hujamtazama yeye kwa jicho baya.

Mwenyezi Mungu akupe afya na riziki ya halali, na siku utakayotaka kunyamaza, akujaalie wa kukuita kando.