Gurudumu la Katikati: Zumreta na Minyororo ya Theluji

"Nyuma kabisa! Nimekwambia nyuma kabisa!"

"Katikati, Mzee Hilmija. Kitabu cha gari kinasema katikati."

"Hicho kitabu kimewahi kulala Galjani na magogo mgongoni? Mimi nimelala!"

Ni saa mbili asubuhi, na theluji inamwagika tangu alfajiri. Zumreta Ljevak, mwenye umri wa miaka 46, amepiga magoti kando ya lori la maziwa lenye safu tatu za magurudumu. Glovu zimelowa. Mnyororo wa kilo thelathini na nane, wa kuvisha gurudumu lisiteleze kwenye theluji, umejikunja miguuni pake kama nyoka aliyeshiba.

Upande wa pili wa ua amesimama jirani yake, Hilmija Bešo, miaka 71, koti juu ya nguo za kulalia, kikombe cha kahawa mkononi. Nyumba yake ndiyo ya mwisho kabla ya mpando. Kila lori linaloelekea kijiji cha Galjani, juu mlimani, husimama hapo kufunga minyororo, na kila dereva hupewa ushauri, atake asitake.

Leo ushauri huo una uzito. Huko juu kaya ishirini na mbili zinasubiri. Jana barabara ilifungwa; tangi la kijiji limejaa, na maziwa ya leo hayana pa kwenda isipokuwa kumwagwa. Kwa Zumreta hii ndiyo theluji ya kwanza akiwa na lori hili, na mkurugenzi wa kiwanda cha maziwa amempigia simu asubuhi bila kumung'unya maneno: "Ukifika kabla ya saa sita, njia ya Galjani ni yako. Usipofika, funguo mpe dereva mwenzako Senad."

Kwa miaka kumi na saba Zumreta alishona viatu. Kiwanda cha viatu kilipofungwa alikuwa akipokea marka 520 kwa mwezi. Sasa anapata 1,400. Leseni ya magari makubwa aliipata akiwa na miaka 43, baada ya kuanguka mtihani mara mbili.

"Mtaa mzima ulijua nimeanguka kabla mimi mwenyewe sijafika nyumbani," anasema akicheka. "Hapa hata paka akizaa, kahawa inapikwa nyumba tano kumjadili baba."

Kufunga minyororo alijifunza uani kwake kwa siku tatu, ardhi kavu, jua likiwaka. Leo vidole havisikii kitu.

Majirani wanne wametoka kutazama, na wote wako upande wa Hilmija. Aliendesha lori la magogo miaka thelathini na moja, nani atambishia? Labda mkewe tu, Devleta, aliyetoa kichwa dirishani.

"Mwache mtoto wa watu afanye kazi yake! Lorini mwako wewe wanalala kuku!"

Watu wanaangua kicheko. Ni kweli, kichwa cha lori lile kiko nyuma ya nyumba, na kuku ndio madereva.

Zumreta anatazama saa. Anauma midomo, anafungua mnyororo aliokwisha kuufunga katikati, na yote miwili anaihamishia magurudumu ya nyuma kabisa. "Niliona haya kumbishia mtu mzima mbele ya watu," atasema baadaye.

Lori linapanda mita sitini. Kwenye kona ya kwanza magurudumu ya katikati yanazunguka bure, yananguruma, yanang'arisha barafu. Yale ya nyuma, yenye minyororo, yametulia kama wageni waalikwa. Hayasukumi chochote.

Kisha lori linaanza kurudi. Mita moja. Mbili. Mkia unageukia korongoni. Zumreta anakanyaga breki, na ile minyororo ya nyuma inang'ata. Lori linasimama, hatua moja kutoka ukingoni.

Hakuna anayecheka tena.

Anashuka, anasukumiza mawe chini ya magurudumu. Hilmija amefika mbio, kikombe hana.

"Mzee, lori lako lilisukuma kwa magurudumu yote ya nyuma," Zumreta anamwambia polepole. "Hili linasukuma kwa ya katikati tu. Ya mwisho ni hamali, yanabeba mzigo basi."

Hilmija analala chali kwenye theluji na nguo zake za kulalia, na kazi ya kurudisha minyororo katikati inaanza.

"Upande mmoja kwanza, halafu wa pili, lori lisipate nafasi ya kutoroka," anasema kutoka chini ya lori. "Kulabu ya ndani usiitafute kwa macho, hutaiona. Ingiza mkono. Vidole ndivyo vinavyoona. Umeipata?"

"Bado."

"Juu kidogo."

"Nimeipata!"

"Haya. Ukishafunga, nenda hatua mia, shuka, kaza tena. Mnyororo ni kama mkwe mpya, siku ya kwanza hukaa vizuri, ya pili hulegea."

Kutoka dirishani sauti ya Devleta inapanda mlima. "Hilmija! Leo huli humu ndani mpaka hilo gari lishuke salama!"

Saa nne na robo lori linaondoka. Hilmija anahesabu hatua kwa sauti. Kwenye mia, Zumreta anashuka, anakaza, anapanda. Halafu kona inammeza, na mlio wa minyororo unafifia.

Saa tano na nusu simu ya Devleta inalia. Ni mwanamke wa Galjani: lori limefika, maziwa yanavutwa. Habari inazunguka mtaa kabla simu haijakatwa. Lakini kushuka na lita elfu tisa si kama kupanda na tangi tupu, na Hilmija hatoki uani.

Saa nane mchana mlio unarudi kabla lori halijaonekana.

"Nataka kabla ya Januari nifunge kwa dakika ishirini, bila msaada," anasema Zumreta akipuliza vidole. "Na dereva mgeni akija, nitamfundisha hapa hapa, mbele ya ua wa mzee."

"Ingia kwanza, mwanangu," Devleta anaita mlangoni. "Maharage na nyama kavu yako mezani, na nyumba imejaa watu wanataka kusikia."

Zumreta anavua viatu, anavuka kizingiti, kisha anageuka. Hilmija bado amesimama nje, anapangusa theluji kwenye ngazi aliyokwisha kuipangusa.

"Mzee, gari limeshuka," anamwambia. "Ingia ule."