Mkono Wangu Begani kwa Pasteri

Jamani, hii habari naisimulia mwenyewe kwa sababu najua nisipoisimulia mimi ataisimulia Mama Kashindi, na yule akisimulia anaongezaga chumvi mpaka chakula hakiliki. Aibu niliyoipata ile Jumapili sijaimaliza hata leo. Nikiwa nimesimama zangu pale Jules Street, hapa Johannesburg, nauza maandazi, mtu akinipungia tu mkono kwa wema wake, moyo unanipasuka paa! Nasema, na huyu naye aliona.

Ilianzia Braamfontein. Nilikuwa nasoma masomo ya jioni ya kompyuta, mimi mama mzima wa miaka arobaini na kitu, nimekaa katikati ya watoto wa umri wa binti yangu Divine, na nilikuwa najivuna, sitaficha. Siku ya somo la kutengeneza picha mwalimu wetu, Mkenya mmoja mcheshi, akaja na kopo la biskuti limejaa kadi za zamani za wachezaji wa besiboli wa Amerika (mjomba wake alisoma huko, akarudi nazo). Mchezo wenyewe siujui, naona tu mtu ameshika gongo. Mwalimu akatueleza: zamani mchezaji anapigwa picha na jezi ya timu yake, halafu kabla kadi hazijatoka anauzwa timu nyingine, na hakuna muda wa kumtafuta tena, basi fundi anachukua brashi anampaka kofia mpya na jezi mpya juu ya zile za zamani. Sasa uzione! Mmoja kofia imemkaa kama sufuria, mwingine shingo imeliwa yote, kichwa kimekaa juu ya kola kama yai, mwingine rangi ya kofia imemwagikia sikioni kama ametoka kunyolewa na mlevi. Darasa zima tukacheka mpaka machozi. Mwalimu akasema, "Huu ni mfano wa kazi mbaya. Msifanye hivi."

Wenzangu walisikia msifanye hivi. Mimi nilisikia kwamba inawezekana.

Sasa, wakati huohuo kanisa letu la Malvern lilikuwa limepewa mchungaji mpya, Pasteri Amosi, anatoka Durban. Huko alikotoka wachungaji wanavaa joho, tena la zambarau, lina nakshi za dhahabu. Kwetu mchungaji anavaa suti na tai, basi, mambo ya joho tunaona ni fahari ya dunia. Nusu ya kanisa ilikuwa haimtaki kabla hata hajafika, wanasema huyo ni wa majoho, wanasubiri kisababu tu. Na wazee walikuwa wamesema wazi: akipokelewa kwa amani hiyo Jumapili ya kwanza atabaki, zikitokea kelele anarudi alikotoka. Mimi nilimtaka. Nilikuwa nimemfungia maombi, na mimi nikishika jambo siachii (muulizeni mume wangu, tangu tuoane namwombea aingie kanisani, na tangu tuoane ananiambia Jumapili ndiyo siku magari ya watu yanaharibika).

Kina mama tukapewa kazi ya kutengeneza kadi ndogo zenye picha ya Pasteri, kila mtu apate ya kuweka ndani ya Biblia yake. Picha ikatumwa kwenye simu. Nikaifungua: Pasteri ndani ya joho, zambarau kutoka kidevuni mpaka chini! Mzee Zakaria, mmoja wa wazee wa kanisa, akaniambia kwa upole wake, "Mama Divine, andika jina na mstari wa Neno, picha acha. Akija tutamwona."

Hapo ndipo ningenyamaza. Lakini mimi nikajibu, "Hapana, Mzee, watu waupende uso kwanza. Niachie mimi. Nimesoma."

Nimesoma! Nikikumbuka hilo neno nataka kujifunika kitenge.

Nikatafuta mwanamume mwenye suti. Kwenye simu yangu suti ilikuwa moja tu, ya mume wangu, ya kijivu, siku ya harusi ya shemeji yangu, amesimama vizuri na mimi niko nyuma yake nimemwekea mkono begani. Nikakata kichwa cha Baba Divine (Mungu anisamehe), nikaweka cha Pasteri. Halafu nikajifuta mwenyewe kwa rangi ya bluu, kama mbingu. Miwani nilikuwa nimeisahau darasani, umeme nao ratiba ilikuwa inasema unakatwa saa yoyote, nikawa nakimbizana na ile kompyuta kama mtu anayekimbilia robot ya barabarani kabla taa haijawa nyekundu. Shingo ilikuwa nyeusi kuliko uso, nikaipaka. Ikazidi, nikaifuta, na sikio moja likaondoka. Nikasogea nyuma nikaikazia picha macho, nikaona mtu na suti. Nikamshukuru Bwana. Na kwa kuwa kiburi kikishaingia hakikai mlangoni, nikawaambia watu wa kuchapisha watoe na bango kubwa la kutundika nyuma ya madhabahu, na kadi wazifunge kwenye bahasha, zifunguliwe siku yenyewe.

Jumapili ikafika. Pasteri Amosi na mke wake wamekaa mbele, kwaya inaimba, bango limefunikwa kitambaa cheupe. Wale wasiotaka majoho wamekaa upande wao, mikono wamekunja. Mzee Zakaria akaomba, akavuta kitambaa.

Shingo zote zikanyooka kuangalia.

Pasteri alikuwa mkubwa kama mlango. Sikio moja. Shingoni pete ya zambarau imebaki kama mtu aliyenyongwa na joho lake. Kichwa kidogo, kitambi kikubwa. Na begani, jamani, begani pametulia mkono. Mkono wa mwanamke, unatoka kwenye mbingu ya bluu, hauna mwenyewe!

Mnajua mimi nilifikiri nini? Nilikasirika. Nikasema moyoni, ni mwanamke gani huyu asiye na haya anamshika Pasteri wetu! Ndipo nikaona bangili ya shanga za kijani. Nikaona kovu la mafuta pale karibu na kidole gumba. Nikateremsha macho taratibu mpaka kwenye mapaja yangu, nikakuta kovu, nikakuta na bangili. Nikauficha mkono chini ya Biblia.

"Hawu, Mama," Divine akaninong'oneza, "ile ni mkono yako."

"Nyamaza."

Lakini Mama Kashindi hajanyamazishwa na mtu tangu atoke Bukavu. Akasimama kabisa. "Mama Divine! Hii mukono ni ya nani? Miye naionaka kila asubui, inanipatiaka mandazi!"

Na kweli, Malvern nzima inakula kutoka mkono ule. Kanisa likageuka lote kuniangalia. Sauti ya mwanamume ikatoka upande wa wale wasiotaka majoho: "Si juzijuzi alikuwa Durban?" (Nilikwenda kununua vitambaa! Vitambaa vya kina mama! Na hicho kilichofunika bango kilikuwa kimojawapo!) Kelele zikaanza, zilezile wazee walizoziogopa, na mtu mmoja akasema kwa nguvu, "Arudi alikotoka!" Nikamwona Pasteri ameinamisha kichwa, na mke wake ananiangalia bila kupepesa.

Nikasema lazima niokoe jambo hili. Nikasimama. Nikapaza sauti, "Ndugu zangu, huo mwili si wa Pasteri! Huo mwili naujua mimi, kila siku nalala nao!"

Mungu wangu! Mama mmoja aliangusha Biblia. Mzee Zakaria akakaa chini pale alipokuwa, na hapakuwa na kiti.

Mama Pasteri akainuka. Ni mwanamke wa Kigoma, mrefu, na alitembea polepole mpaka nilipo. Akauchukua mkono wangu, akaugeuza, akaangalia bango, akauangalia tena.

"Dada," akasema, "kichwa ni cha mume wangu, hilo nimelielewa. Mwili ni wa nani?"

"Wa Baba Divine."

"Yuko wapi?"

"Gereji. Hapo kona."

"Mpigie. Aje na hilo koti. Weka sauti tusikie wote."

Nikapiga. "Baba Divine, njoo kanisani."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Pitia nyumbani uchukue koti la ile suti ya harusi."

"Nani anaoa?"

"Eish, wewe njoo tu! Tayari uko madhabahuni!"

Sasa nisikilizeni hapa. Miaka yote ile nilikuwa na picha akilini ya siku mume wangu atakapovuka mlango wa kanisa. Kwaya inaimba, mimi nalia kwa furaha, yeye amevaa vizuri. Basi alivuka. Amevaa ovaroli la oili, koti la kijivu juu yake, bisibisi mfukoni, watu wote wamesimama kumkagua kama ng'ombe wa mnada. Mzee Zakaria akamshika mkono akamsimamisha kando ya bango. Kifungo cha pili kinaning'inia kwenye koti, kinaning'inia na kwenye bango. Kitambi na kitambi. Baba Divine akainua macho, akaangalia kwa muda, kama anavyoangaliaga injini.

"Kitambi ni changu," akasema. "Kichwa changu mmekipeleka wapi?"

Kanisa likapasuka. Hata wale wasiotaka majoho, nakuambia kuna mmoja alishika nguzo. Mama Pasteri akanivuta mpaka mbele, akaniambia, "Uweke palepale ulipokuwa." Nikauweka mkono begani kwa mume wangu. Oili ikanishika. Watu wakaangalia bango, wakatuangalia sisi, wakapiga makofi.

Ndipo Pasteri Amosi akasimama. "Niliambiwa hamlitaki joho langu," akasema, "nikaliacha Durban. Sikujua kwamba hata mwili hamuutaki." Baada ya hapo nani angerudi kwenye habari ya majoho? Yule aliyepaza sauti arudi alikotoka ndiye aliyekwenda kumshika mkono wa kwanza. Pasteri yupo nasi mpaka leo.

Mwalimu wangu alipoona kadi akaniomba moja. Ameiweka ndani ya kopo lake la biskuti pamoja na wale wa besiboli, anasema imekaa juu kabisa. Na mimi nimeapa mbele za Mungu: mtu akiniletea picha yake amevaa joho, atatoka na joho, amevaa gunia, atatoka na gunia, na mzee akiniambia picha acha, naiacha na kompyuta naizima.

Jumapili iliyofuata sikumwambia mume wangu lolote, uso sikuwa nao. Nilijivalia kimya, nikachukua Biblia, nikafika mlangoni nikamkuta amesimama, ameoga, amevaa lile koti, na kifungo kimeshonwa.

"Wewe unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Nakwenda kuona," akasema, "kama wamenirudishia kichwa."