Marehemu Niliowahamisha

Nimechoka kuulizwa kama picha zipo. Zipo, huwa najibu, na mara nyingi ni kweli. Nina studio ndogo hapa Mweso, chumba kimoja kando ya barabara: kitambaa cha bluu ukutani, viti viwili vya plastiki, na kompyuta moja inayokula umeme wa sola na kununa mawingu yakitanda. Ndani yake kuna ubatizo, harusi na mazishi ya miaka mingi. Wengi niliowapiga picha wamehama mara tatu, mara nne, na mtu anayekimbia vita habebi albamu. Hubeba godoro na sufuria. Baadaye wanakuja kwangu.

Mama mmoja wa Kalembe alikuja Jumatano asubuhi, mtoto mdogo mgongoni. Nyumba yao iliungua, akawa anakaa kwa ndugu zake hapa. Mume wake alifariki yeye akiwa na mimba ya huyo mtoto, na matanga yalikuwa yamechelewa kwa sababu ya kukimbia huku na huku. Sasa familia ilikuwa imekubaliana kuyamaliza Jumamosi.

"Kaka, ulitupigaka foto siku ya ubatizo ya mukubwa wetu," alisema. "Bwana yangu alivalaka shati ya mistari. Njo foto yake moja tu yenye inabakia. Huyu hajamuonaka baba yake hata siku moja. Siku ya posho, hiyo Jumamosi ya matanga, nataka amuone."

Nikamwambia akae. Sikuwa na wasiwasi. Ninatumia programu ya kutunza picha, nikatafuta humo kwa mwezi aliotaja, na picha ikajitokeza kwenye kioo, ndogo kama ukucha: mwanamume mwenye shati la mistari, amembeba mtoto aliyevaa nyeupe. Mama akainama karibu, akacheka na mkono mdomoni. "Njo yeye! Ndiye!" Nikabofya ili ifunguke iwe kubwa. Programu ikaniambia haioni faili yenyewe.

Nilijua mara moja ni nani aliyefanya hivyo.

Programu hiyo ukiipa picha inaziweka kwenye sanduku lake, katika folda nyingi zenye majina ya tarakimu, na inakumbuka kila moja imelala wapi. Kwenye kioo inakuonyesha vijipicha tu. Mzee wa Mushaki aliyenifundisha kazi, mtu wa maneno makali, alinionya siku ya kwanza: "Hii programu iko kama mama mwenye jikoni. Ukisikia njaa umuombe, atakupakulia. Usiingie mwenyewe kufunua nyungu zake." Maana yake, ukitaka picha uichague ndani ya programu, uiambie ikutolee nakala, na hiyo nakala ndiyo uipeleke unakotaka. Ile ya asili usiiguse. Nilimcheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi langu lilivunjika bila hata kusikia maumivu.

Mwaka mmoja kabla ya Jumatano hiyo, msichana alikuja na shangazi zake kuchagua picha za harusi. Nikawa nazipitisha kwenye kioo, na baada ya keki ikatokea maiti ndani ya jeneza, kwa sababu mazishi hayo niliyapiga wiki ileile. Shangazi mkubwa akasimama. "Mufu na bibi-arusi hawalali nyumba moja," akasema. Wakaondoka wote, bibi-arusi analia. Kwetu jambo hilo si dogo. Watu walilisema sokoni mpaka nikaona aibu kupita huko.

Basi nikaamua kuwatenga wafu na walio hai. Sikuishia kwenye majeneza. Kila mtu niliyejua amefariki, hata kama anacheka kwenye ubatizo, nilimtoa. Niliona ni heshima, na nilijisifu kidogo. Ila sikuiomba programu chochote. Niliingia ndani ya sanduku lake, nikafungua folda moja baada ya nyingine, nikakata faili za wafu na kuzibandika zote katika folda moja kwenye flashi. Nikaiita Marehemu. Ilinichukua siku mbili. Kila mara kompyuta iliuliza: faili yenye jina hili ipo tayari, niibadilishe? Macho yalikuwa yananiuma. Nikajibu ndiyo, ndiyo, na mwishowe ndiyo kwa zote.

Nikaitoa flashi kwenye droo. "Usiogope, mama, iko hapa," nikasema. Jina la faili programu ilikuwa bado inalikumbuka, nikalitafuta, nikafungua. Akatokea bibi mmoja mwenye kitenge cha kijani, ameketi mbele ya migomba.

"Huyu njo nani?" mama akauliza.

Kamera yangu huzipa picha majina kwa namba, na ikimaliza kuhesabu huanza tena na moja. Picha za miaka tofauti zina jina moja, na katika sanduku la programu hazigombani, kila moja ina folda yake. Mimi niliwarundika wote chumba kimoja, na kila niliposema ndiyo, mmoja alifutwa ili mwingine aingie. Mume wake nilimfuta mimi, kwa kidole hiki, nikidhani namheshimu.

Nilimwomba anipe mpaka Ijumaa. Nilijaribu programu za kurudisha faili zilizofutwa, nikapekua kadi zote za zamani za kamera, nikapata vipande vya watu wengine. Ijumaa aliporudi nilimwambia yote, hata habari ya bibi-arusi. "Foto haiko, mama. Ni mimi niliiharibu." Nilingoja anitukane. Ningefurahi kama angenitukana. Yeye alikuwa anambembeleza mtoto tu.

"Na ile ya kidogo?" akauliza, akionyesha kioo cha kompyuta.

Nilijaribu kuikuza, uso ukageuka miraba ya rangi. Nikaichapa ilivyo, ukubwa wa stempu, katikati ya karatasi nyeupe. Akaisogeza dirishani, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akamwonyesha mtoto. Mtoto aliigusa, akaangalia mlangoni, pikipiki ilikuwa inapita.

"Mimi namuona, sababu namujua," akasema. "Lakini kwa huyu, hapa anaweza kuwa mutu yeyote."

Akakunja karatasi mara mbili, akaiweka kwenye kitenge, akamfunga mtoto vizuri mgongoni.

"Nitamuambia njo baba yake," akasema. "Ataniamini. Iko mutoto."