Funga Akaunti Zote Tatu

Siku ya kwanza fundi matangi kumwona Bi Nukta, hakuiona sura yake. Aliona utosi tu, umefungwa kitambaa cha kijani, kwa sababu mama huyo alikuwa ameinamia fomu ya ajira ya fundi, anahesabu tarakimu kwa ncha ya kalamu.

"Namba yako ya benki ina tarakimu kumi na mbili," alisema bila kuinua kichwa. "Za wenzako zote zina kumi na tatu. Moja umeila?"

Fundi alijua hakuila. Aliiacha ile sifuri ya mwanzo, maana darasa la pili alifundishwa kwamba sifuri ikitangulia haina thamani. Lakini alikuwa mtu wa haya. Akiulizwa neno, hulijibu moyoni mara tatu kabla halijafika mdomoni, na likifika, muulizaji keshaondoka. Akabaki anaikunja kofia yake.

"Haya, usilie. Nenda kaitafute," Bi Nukta akasema, akamrudishia fomu.

Ndivyo walivyojuana, na kwa miaka kumi na mmoja hawakupita sana hapo. Kampuni iliuza matangi ya maji na pampu. Fundi alishinda juu ya mapaa ya watu, akifunga matangi na kuunganisha mabomba. Asubuhi alichukua funguo za stoo mezani kwa Bi Nukta, jioni akazirudisha, na maneno yao yote yalikuwa salamu.

Jina la Nukta alipewa mama huyo siku alipomrudisha dereva mpaka kituo cha mafuta, kwa kuwa risiti yake ilikosa nukta na kuonyesha gari limekunywa lita elfu nne. "Ama gari hili ni meli," alimwambia, "ama wewe ni mwizi, ama mwenye kituo hajui kuandika. Kaniletee jibu moja." Alikuwa mjane. Miwani yake ilining'inia kwa kamba ya kiatu. Binti yake alikuwa muuguzi, ameolewa mbali, na wajukuu aliwalea kwa simu ya mchana, ofisi nzima ikisikia: "Saba mara nane? Usiniambie subiri bibi, saba mara nane!" Fundi aliwahi kumfungia tangi nyumbani kwake siku ya mapumziko. Bi Nukta alimlipa, akamwandalia chakula, kisha akamdai risiti.

Ulipobaki mwezi mmoja astaafu, bosi alinunua programu ya uhasibu. Akamleta na shemeji yake, dada wa mkewe, arithi kiti cha Bi Nukta. Ofisi nzima ikamwita Shemeji, ingawa hakuwa shemeji wa mwingine yeyote pale.

"Mama, ukiiacha programu inafanya kazi, nitatia sahihi makabidhiano, uchukue kiinua mgongo chako uende kwa amani," bosi alisema. "Isipofanya kazi, hatujakabidhiana."

Kampuni ilikuwa na akaunti tatu za benki: ya mauzo, ya mishahara na ya kodi. Zote zilitakiwa ziingizwe kwenye programu, na programu hiyo ilikuwa na maswali kuliko mkwe. Inataka jina la akaunti, jina likiwa refu inalikataa. Inataka namba, ukiiandika na vistari kama benki inavyoiandika, inaikataa. Inataka salio la kuanzia na tarehe ya salio hilo, ukiipa tarehe inakuuliza kama ulimaanisha mwaka mwingine.

"Nilimaanisha nilichoandika!" Bi Nukta aliifokea kompyuta. "Mume wangu mwenyewe hakuwahi kunihoji hivi."

Wiki mbili aliishi hivyo, bega limeinuka upande mmoja, chai inapoa. Akaunti zote tatu zikaingia. Kikabaki kitu kimoja tu: karatasi ya benki yenye mhuri, ahakikishe salio la kodi.

Jumanne alikuwa ameifuata karatasi hiyo benki wakati simu ya mezani ilipolia. Shemeji alikuwa anapaka rangi kucha, akaonyesha mikono yake kuwa haijakauka. Fundi, aliyekuja kurudisha funguo, akalazimika kuipokea. Aliichukia simu kuliko radi.

"Mwambie mama azikamilishe zile akaunti tatu leo," ilisema sauti ya mtaalamu wa programu. "Kesho nakuja kuziunganisha na benki. Umenielewa?"

"Ee," fundi alijibu, akakata haraka.

Akaandika kwenye karatasi, kwa maneno anayoyajua. Kwa fundi, tangi lililokamilika ni tangi lililofungwa. Leo unafunga, kesho unaunganisha mabomba, hakuna njia nyingine. Basi akaandika: MTU WA PROGRAMU KASEMA FUNGA AKAUNTI ZOTE TATU LEO. KESHO ATAUNGANISHA.

Bi Nukta aliporudi aliisoma mara mbili. Akampigia mtaalamu athibitishe. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akajiambia kwamba pengine hizi zilikuwa za majaribio tu, mwenyewe ataleta nyingine. Na kweli, kwenye kioo, pembeni ya kila akaunti, kilikuwepo kitufe kilichoandikwa: Funga akaunti. Programu ikamwuliza kama ana uhakika. "Nisingekuwa na uhakika ningebonyeza?" akaijibu, akafunga ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Jumatano asubuhi fundi alifika kuchukua funguo, akakuta mtaalamu ameshika kichwa.

"Mama, nilisema uzikamilishe. Wewe umeziua!"

"Basi zifungue."

"Ikishafungwa haifunguki."

"Basi niziandike upya."

"Jaribu."

Bi Nukta akajaribu. Programu ikasema: Namba hii imekwisha kutumika.

"Imetumiwa na nani kama si mimi?" Bi Nukta akapiga meza. "Namba ni yetu! Benki inatujua! Hii mashine ni nani mpaka itukane?"

Dawa ilikuwa moja, kufuta kila kitu na kuanza na kampuni mpya kwenye programu. Zilibaki siku mbili Bi Nukta astaafu. Bosi akaingia, tai begani.

"Nani kazifunga?"

"Mimi," Bi Nukta akasema.

"Nani kakwambia uzifunge?"

Fundi aliiona ile karatasi yake chini ya kiganja cha Bi Nukta. Mama huyo aliujua mwandiko wa kila mtu mle ndani. Aliikunja, akaitia kwenye pochi.

"Nilisoma vibaya."

"Bi Nukta asome vibaya?" Shemeji akacheka puani. "Huyu kafanya kusudi, shemeji. Hataki niikute kazi imesimama. Hasira za kustaafu hizo."

Bosi akaitikia kwa kichwa. Fundi akaona utosi wa Bi Nukta unainama. Miaka yote hiyo ya nukta, na sasa ataondoka na jina la mharibifu, mikono mitupu. Akalijibu moyoni mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu ikamtoka kwa sauti iliyomshtua mwenyewe.

"Mimi!"

Wote wakageuka.

"Mimi ndiye niliyeandika funga. Simu niliipokea mimi. Sisi tangi likiisha tunasema limefungwa. Mama hana kosa."

"Tangi na benki wapi na wapi?" bosi akafoka. Mtaalamu aliangalia dirishani, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Nani kakutuma useme?" Bi Nukta akamgeukia fundi, macho yamelowa. "Nilikuwa nimeshamaliza! Sasa tumekuwa wawili wa kutukanwa."

"Huyu hapandi paa mpaka zirudi," bosi akaamua. "Akae hapo akusaidie. Na mama, lile la kusudi… basi, yameisha."

Ndipo fundi akakalishwa kitini, karatasi za benki mkononi, amsomee Bi Nukta tarakimu.

"Sifuri, moja, nne…"

"Sauti! Unasoma barua ya mchumba?"

"SIFURI, MOJA, NNE!"

"Nne au saba?"

"Nne, mama."

"Huo mkia ni wa nini?"

"Ni wino wa mhuri."

"Mhuri nao haueleweki, kama wewe. Endelea."

Wakasoma hivyo Jumatano hadi jua kuzama, na Alhamisi yote. Fundi akakauka koo. Hajapata kusema maneno mengi hivyo tangu azaliwe. Ijumaa kabla ya saa sita mtaalamu akaziunganisha. Mauzo, mishahara, kodi, zote tatu zikaleta salio lile lile la benki, nukta kwa nukta. Bosi akatia sahihi. Shemeji akauliza kitufe cha kuwashia kiko wapi.

Bi Nukta alikusanya vitu vyake kwenye boksi la pampu, akakataa kupokewa. Fundi alimtangulia mlangoni. Tangu alfajiri alikuwa amepanga maneno: amshukuru kwa kumficha, amwombe radhi, amtakie heri. Akasimama katikati ya mlango, kofia mkononi, mdomo wazi, na hakuna kilichotoka. Bi Nukta akalipandisha boksi kwa goti, akamtazama juu ya miwani.

"Baba, ama sema ama sogea. Mzigo mzito huu."